Ubingwa wa udaktari: MMed, chuo cha kitaaluma cha kanda, au mitihani ya Uingereza?

Kila mwaka ifikapo Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshaingia mifupani, simu yangu huanza kuita usiku. Anayepiga ni daktari kijana wa Ludewa, Mbozi, Makete au Rungwe. Amemaliza MD, yaani shahada ya kwanza ya udaktari, amemaliza utarajali, amefanya kazi wilayani miaka miwili au mitatu, na sasa anataka ubingwa. "Shikamoo dokta. Nimekwama." Namwitikia marahaba, kisha tunazungumza mpaka salio linaisha.

Njia zinazomkwamisha ni tatu. Ya kwanza ni MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa inayotolewa na chuo kikuu: Muhimbili ya Dar es Salaam, KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Dodoma. Ya pili ni feloshipu, yaani cheti cha ubingwa cha chuo cha kitaaluma cha kanda yetu ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kama COSECSA kwa wapasuaji au ECSACOP kwa madaktari wa magonjwa ya ndani. Ya tatu ni mitihani ya vyuo vya kifalme vya Uingereza, kwa mfano MRCP ya magonjwa ya ndani au MRCOG ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Nitazilinganisha hapa kama ninavyofanya kwenye simu, ila kwanza lazima tuelewane kuhusu neno moja: chuo.

Chuo kisicho na madarasa

Kijana mmoja aliyekuwa anafikiria COSECSA alinisimulia kwamba baba yake, mzee wa Tukuyu, alimuuliza: "Chuo chenyewe kiko wapi, mwanangu, nije siku ya mahafali?" Kijana alikosa la kusema. Makao makuu yako Arusha, lakini Arusha hakuna madarasa wala mabweni yake. Hakuna mahali ambapo angempeleka mzee na kumwonyesha kwamba hapa ndipo ninasoma.

Swali lile lilikuwa la haki, na Kiswahili chenyewe kinasaidia kulijibu. Kwa wazee wa pwani, chuo kilikuwa kitabu, na pia mahali watoto walipoketi kumzunguka mwalimu wao wa Kurani, hata kama palikuwa barazani kwake. Mwanachuoni alijulikana kwa elimu yake na kwa mwalimu aliyemsomesha. Vyuo vya kitaaluma vya madaktari viko karibu na maana hiyo kuliko maana tuliyoizoea ya jengo lenye lango na mlinzi. Ni jumuiya ya mabingwa waliokubaliana mambo matatu: mafunzo ya fani yao yaweje, hospitali ipi inafaa kufundishia, na nani amefikia kiwango cha kuitwa mwenzao.

Mpangilio huu una zaidi ya miaka 500. Mwaka 1505 vinyozi-wapasuaji wa Edinburgh walipewa hati na baraza la mji wao. Hati iliwataka wanaojiunga wajue kusoma na kuandika na wapimwe ujuzi wa maungo ya mwili, na kwa ajili hiyo waliruhusiwa kupata maiti moja kwa mwaka, ya mtu aliyenyongwa kwa hukumu. Mwaka 1518 mfalme Henry VIII aliwapa madaktari wa London hati yao, na Thomas Linacre akawa rais wao wa kwanza. Wapasuaji wa London waliachana na vinyozi mwaka 1745 na kupata chuo chao cha kifalme mwaka 1800. Ndiyo sababu hadi leo mpasuaji wa Kiingereza huitwa "bwana" badala ya "daktari": ni masalia ya enzi za wembe na kiti cha kinyozi.

Vyuo hivyo vilikuwa na ubaya wake, na sitauficha. Vililinda elimu, lakini vililinda vilevile riziki ya waliokwisha kuingia. Wanawake walifungiwa nje kwa karne nyingi, na chuo cha madaktari cha London kiliwafungulia mitihani yake mwaka 1909 tu. Kwa upande mwingine, chuo hichohicho mwaka 1962 kilitoa ripoti iliyosema waziwazi kwamba sigara inasababisha saratani ya mapafu, wakati serikali nyingi zilikuwa bado zinasitasita. Sisi tunaoishi jirani na mashamba ya tumbaku ya Chunya tuna sababu ya kuikumbuka ripoti ile. Kundi la mabingwa linaposema kwa sauti moja, husikika mbali kuliko daktari mmoja mmoja.

Kwetu hadithi inaanza na Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, kilichoundwa mwaka 1950. Kwa miaka mingi aliyetaka ubingwa alipanda ndege kwenda Edinburgh au London, na wengine hawakurudi. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na shahada za ubingwa zilikuja baadaye. Afrika Magharibi walikuwa na chuo chao cha wapasuaji tangu miaka ya 1970. Huku mashariki, kati na kusini tulingoja hadi 1999, COSECSA ilipozaliwa kutokana na chama kile cha 1950. Wakafuata madaktari wa macho, wa usingizi, wa magonjwa ya ndani, wa magonjwa ya wanawake na wa patholojia, kila fani na chuo chake.

Jambo la mwisho kabla ya ulinganisho. Usichanganye chuo, baraza na chama. Baraza la Madaktari Tanganyika ni chombo cha kisheria. Ndilo linalokusajili na ndilo linaloweza kukufutia usajili. Chama cha Madaktari Tanzania kinasemea maslahi na heshima ya madaktari. Chuo cha kitaaluma kinafundisha na kutahini. Zamani chuo cha London kilitahini, kilitoa leseni na kiliadhibu, vyote kwa mkono mmoja. Waingereza walianza kutenganisha kazi hizo kwa sheria ya mwaka 1858 iliyoanzisha baraza la usajili. Nimeona kijana akilipa ada ya chuo akidhani amejisajili, na mwingine akipeleka malalamiko ya mshahara kwenye baraza. Wote wawili walipoteza muda.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaangalia mambo matano: nani atakusimamia na kazi itapitaje mikononi mwako, muda na mahali, fedha, mtihani na kutambulika kwa cheti, na maisha baada ya hapo. Wengi huniuliza kwanza kuhusu cheti. Mimi naanza na msimamizi, na nitakaa hapo kwa muda mrefu zaidi.

Msimamizi na mikono

Daktari wa wilaya za huku anaijua kazi. Barabara kuu inapita Chimala, Makambako na Mafinga hadi Kitonga, na malori yanayokwenda Tunduma hayalali. Bodaboda zimejaza wodi za mifupa. Mama mwenye uchungu pingamizi anashuka kutoka milimani saa nane usiku, ukungu umefunika barabara. Kijana wa mwaka wa pili kazini anakuwa ameshafanya upasuaji mwingi wa uzazi, mara nyingi akiwa peke yake, akiwa amefundishwa na daktari msaidizi mzee aliyekaa hospitali hiyo miaka 20. Kesi hakosi. Anachokosa ni mtu wa kusimama ng'ambo ya meza na kumwambia: hapo simama, angalia mrija wa mkojo kwanza.

MMed inakupa watu hao kwa wingi. Hospitali ya kufundishia ina maprofesa, ina mabingwa wa fani ndogondogo, ina kikao cha asubuhi ambacho kila uamuzi wako wa usiku unahojiwa mbele ya wenzako. Utaona magonjwa adimu. Upungufu wake ni kwamba mko wengi. Mpo wanafunzi wa ubingwa wa miaka mitatu tofauti, na siku nyingine utashika kishikio cha jeraha wakati mwenzako wa mwaka wa mwisho anakata. Aliyetoka wilayani akiwa mzoefu wa kisu husononeka mwaka wa kwanza.

Njia ya chuo cha kanda inageuza picha hiyo. Unabaki hospitalini, ukiwa mwajiriwa, ilimradi hospitali hiyo imekaguliwa na kukubaliwa na chuo na ina mabingwa wa kukusimamia. Kila upasuaji unauandika kwenye daftari la mtandaoni: ulisaidia, ulifanya ukisimamiwa, au ulifanya mwenyewe. Ukiwa na msimamizi mzuri, utafanya kazi nyingi kwa mkono wako kuliko karibu mwanafunzi yeyote wa MMed. Ukiwa na msimamizi mmoja tu, naye akahamishwa au akastaafu, mafunzo yako yamesimama. Huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii, nami sijaona kijitabu cha maombi kinachousema wazi. Kwa hiyo usiulize tu kama hospitali ipo kwenye orodha. Nenda. Kaa siku mbili. Hesabu mabingwa walio chumba cha upasuaji siku ya Jumanne, si majina yaliyo ukutani. Uliza wako na mkataba hadi lini.

Mitihani ya Uingereza haina msimamizi kabisa. MRCP, kwa mfano, ni mitihani mitatu: miwili ya kuandika na mmoja wa kumpima mgonjwa mbele ya watahini. Inakupima, haikulei. Anayefaulu akiwa wodini Mbeya amejifunza kwa bidii yake na kwa wakubwa wake wa kazi, na heshima ni yake. Lakini hakuna anayemwangalia mikono kwa miaka mitatu.

Muda na mahali

MMed huchukua miaka mitatu kwa fani nyingi, na minne kwa nyingine. Kwa mtu wa nyanda za juu, hiyo ni miaka mitatu mbali na nyumbani: Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na Moshi au Mwanza ni mbali zaidi. Mbeya nayo ina ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, inayoshirikiana na Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Kabla ya kuomba kwingine, fika ofisini kwao uulize ni fani zipi za ubingwa zinapokea wanafunzi mwaka huu. Huenda ukaokoa mwaka mzima wa kupanga chumba.

COSECSA ni angalau miaka mitano: miwili ya mwanzo hadi uanachama, mitatu au zaidi hadi feloshipu. ECSACOP imepangwa kwa miaka minne. Ni mirefu, lakini unaipitia ukiwa kazini. Kwa wilaya, hiyo ni tofauti kubwa, kwa sababu daktari anayekwenda MMed anaacha zamu ambayo mara nyingi haijazwi. Kwa familia pia. Dada mmoja niliyemfahamu, mwenye watoto wawili wadogo na mama mgonjwa Njombe, aliniambia kwamba miaka mitano karibu na mama ilikuwa mifupi kwake kuliko mitatu Dar.

Mitihani ya Uingereza unaipangia kalenda mwenyewe. Wengine humaliza kwa miaka miwili, wengine huanza na kuishia katikati.

Fedha

MMed ina ada ya shilingi ya kila mwaka, chumba, chakula, na gharama za tasnifu. Mtumishi wa umma aliyepewa ruhusa rasmi ya masomo huendelea kupokea mshahara, na Wizara ya Afya hutoa ufadhili kwa baadhi. Lakini ruhusa hiyo hutanguliwa na barua nyingi. Anza kuifuatilia kwa mkurugenzi au mganga mkuu mapema, kabla ya kuomba chuo, kwa sababu nafasi ya chuo bila ruhusa ya mwajiri imewaumiza wengi. Ukifadhiliwa, soma mkataba wa kurudi kazini kwa makini, hasa miaka ya kutumikia na kituo utakachorudi.

Ada za vyuo vya kanda hutajwa kwa dola. Ada ya kila mwaka ni ya kuvumilika kwa mtu mwenye mshahara. Kinachouma ni mtihani wa mwisho, maana hufanyika kila mwaka katika nchi tofauti ya ukanda huu, na tiketi, hoteli na viza ni juu yako kama mwajiri hajakubali. Weka akiba mapema.

Mitihani ya Uingereza inalipwa kwa pauni, sehemu baada ya sehemu, na ukifeli unalipa tena. Kwa mshahara wa wilayani huo ni mzigo mkubwa. Simwambii mtu asiibebe, namwambia aipigie hesabu ya kufeli mara moja kabla ya kujiandikisha.

Mtihani na kutambulika

MMed ni shahada. Waajiri wote nchini wanaijua, baraza linaijua, na vyuo vikuu vinaihitaji. Watahini ni walimu wako pamoja na mtahini kutoka nje ya chuo. Uzuri wake ni kwamba wanakufahamu. Wasiwasi wake pia uko hapohapo.

Feloshipu ya kanda inatahiniwa na watu wasiokufahamu. Mpasuaji wa Iringa anaweza kukaa mbele ya mtahini wa Ethiopia, wa Zambia na wa Ireland kwa siku moja, na jina la hospitali yake halimsaidii chochote. Ni mtihani mgumu. Kufaulu kunamaanisha kwamba kiwango chako kinasomeka Lusaka, Kampala na Harare. Hata hivyo, pata maelezo ya maandishi kutoka Baraza la Madaktari kuhusu usajili wa ubingwa kwa fani yako, na kutoka kwa mwajiri kuhusu muundo wa cheo na mshahara, kabla hujaanza. Maneno ya mdomo hayatoshi kwa safari ya miaka mitano.

Wapo wengi wanaofanya vyote viwili: wanasoma MMed, kisha wanakaa mtihani wa feloshipu wa COSECSA. Ni njia halali na chuo kinaitambua.

Kuhusu Uingereza, kosa ninalolisikia mara nyingi ni kudhani kwamba MRCP inamfanya mtu bingwa. Hata kwao Uingereza, MRCP ni mlango wa kuingilia mafunzo ya ubingwa. Baada yake kuna miaka mingine ya usimamizi. Nakuomba usiiweke kwenye mizani moja na MMed iliyokamilika.

Baada ya hapo

Anayetaka kufundisha chuo kikuu na kufanya utafiti, MMed inamtengenezea njia iliyonyooka zaidi. Tasnifu inayolalamikiwa na wengi ndiyo inayomfundisha kuuliza swali na kulijibu kwa ushahidi.

Vyuo vya kanda vinakupa kitu kingine: jumuiya ya maisha. Mkutano wa kila mwaka, elimu endelevu, na wenzako wa nchi nyingine unaoweza kuwatumia picha ya eksirei usiku. Kwa mpasuaji aliye peke yake Sumbawanga au Ludewa, hilo ni jambo kubwa.

Na je, tukifundisha mabingwa wataondoka? Hofu hiyo naisikia kila ninapokaa na viongozi wa halmashauri. Utafiti uliofuatilia wapasuaji waliohitimu katika ukanda huu kati ya 1974 na 2013, wa vyuo vikuu na wa chuo cha kanda, uliwakuta takriban asilimia 85 wakiwa bado katika nchi waliyosomea. Wanaofundishwa hapa wengi hubaki hapa. Iwapo watabaki wilayani au watajaa mijini ni suala jingine, na hapo njia inayokulea ukiwa hospitali ya misheni kama Ilembula au Peramiho ina maana yake. Upungufu bado ni mkubwa: mwaka 2015 tume ya kimataifa ya jarida la Lancet ilipendekeza mabingwa 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Anayefanya kazi huku hahitaji takwimu kujua tulivyo mbali na lengo hilo.

Kulingana na hali yako

Kama umetoka wilaya isiyo na bingwa hata mmoja wa fani unayoitaka, nenda MMed. Chuo cha kanda hakiwezi kukulea mahali pasipo na mlezi, na kuhamia hospitali iliyokubaliwa kunahitaji ajira mpya ambayo huenda isipatikane haraka.

Kama uko hospitali ya rufaa au ya misheni yenye mabingwa wawili au zaidi wa upasuaji, wanaopenda kufundisha na wasio na mpango wa kuondoka karibuni, feloshipu ya kanda inakufaa, hasa ukiwa na familia ya kutunza na mkono wako tayari una uzoefu. Madaktari wa hospitali za kanisa waulize pia kuhusu programu ya wapasuaji Wakristo wa Afrika, PAACS, iliyoanza mwaka 1996; hufundishia hospitali za misheni na wahitimu wake hutahiniwa na COSECSA.

Kama moyo wako uko kwenye kufundisha, au unataka ubobezi wa figo, moyo au saratani baadaye, MMed kwanza. Feloshipu inaweza kufuata.

Kama fani yako ni magonjwa ya ndani na hospitali yako haijaingia bado kwenye mpango wa ECSACOP, zungumza na bingwa wako. Maombi ya kukaguliwa hufanywa na hospitali, hayafanywi na mwanafunzi, na mara nyingi yanakosekana kwa sababu tu hakuna aliyejitolea kujaza fomu. Jitolee wewe.

Kama unapanga kwenda Uingereza kufanya kazi, au unataka kujipima huku ukisubiri ruhusa ya masomo, sehemu ya kwanza ya MRCP au MRCOG ina faida, na kusoma kwake hakupotei hata ukiishia hapo. Usiifanye iwe mpango wako pekee wa kuwa bingwa Tanzania.

Na kama bado una mwaka mmoja tu kazini, subiri kidogo. Omba mwezi mmoja wa kujitolea Meta, hospitali ya wazazi ya Mbeya, kama unafikiria uzazi, au wodi ya upasuaji ya hospitali ya mkoa Iringa kama unafikiria kisu. Kaa zamu za usiku, wakati wakubwa wamechoka na hawana muda wa kukupendezesha. Angalia nani kati yao ungetaka asimame ng'ambo ya meza yako, kisha umuulize yeye alisoma wapi.